Re: Saiprasi zinakauka, nikate zote?
Mkuu, usikate miti yote ya saiprasi hapo Olmotonyi, Arusha, kisa matawi yamekuwa kahawia. Tenganisha matawi uangalie kwa ndani, ukikuta vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) wa kahawia wamejazana kwenye gome na ule utomvu wao unaonata umeota weusi kama masizi basi ni walewale walioonekana Malawi 1986 afu wakafika mpaka huku kwetu Tanzania, mashamba ya saiprasi tupu yakaumia vibaya. Kupulizia dawa mti mrefu hivyo ni kutupa hela, kilichosaidia ni vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya kidukari. We toa zilizokufa, zilizohimili ziache uje uchukue mbegu hapo, na mapengo usirudishie saiprasi tena, weka mti wa aina nyingine kama grevilea. Alafu chuo cha misitu si kipo hapohapo, wapelekee tawi.