Spika za masikioni: mmeuliza, tunajibu

Maswali ya safari hii yametoka pande zote mbili, Arusha na Moshi, na karibu kila mmoja anataka jina la kampuni. Mimi nawaomba muanze na kile kimpira kinachoingia sikioni. Kisipokaa sawasawa, spika ya bei mbaya italia sawa na ile ya kumwagwa chini kwenye turubai.

Shikamoo. Kila asubuhi napanda Hiace kutoka Ngaramtoni hadi mjini. Kwa muziki wa gari na makelele, naishia kufungulia sauti mpaka mwisho. Ninunue zile zinazozima kelele?

Marahaba, dada. Kabla hujatoa hela, tafuta kipakiti cha vimpira kilichokuja na spika ulizonazo. Kwa kawaida vinakuwa saizi tatu, na watu wengi hubaki na kile cha kati kilichofungwa kiwandani mpaka spika inakufa. Vaa kikubwa. Kwa mkono wa pili vuta sikio juu kidogo na nyuma, ingiza spika huku ukiizungusha, kisha achia. Kikikaa, kelele za nje zinarudi nyuma na besi inajaa ghafla bila wewe kugusa kitufe chochote. Besi ikibaki nyembamba, ujue kuna upenyo. Jaribu tena, upande mmoja mmoja, kwa sababu masikio ya mtu mara nyingi hayalingani. Kikubwa kushoto na cha kati kulia si kosa. Vipo pia vimpira vya sponji. Unaviminya kwa vidole, unaingiza, vinavimba taratibu na kujaza tundu. Vinachakaa mapema, lakini kwa sikio sumbufu ni mkombozi.

Sasa hizo za kuzima kelele. Maikrofoni ndogo inanasa sauti ya nje, spika inatoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Kazi hiyo inafanyika vizuri kwa ngurumo isiyobadilika, kama injini ya Hiace. Konda akiita "Kilombero, Kilombero!" bado utamsikia, maana sauti ya ghafla na ya juu huzuiwa zaidi na kimpira chenyewe. Kwa hiyo ndiyo, zitakusaidia ukiwa na uwezo, ila kama vimpira havijakutosha hata hizo utazilaumu bure.

Hiyo tabia ya kufungulia mpaka mwisho inanitisha kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linasema sauti yenye ukubwa wa desibeli 80 ni salama hadi saa 40 kwa wiki. Kwenye desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4. Safari zako za asubuhi na jioni zinaweza kumaliza saa hizo kabla wiki haijaisha.

Naendesha boda Kijenge. Nikivaa upande mmoja tu kwa ajili ya kupokea simu, kuna ubaya?

Upo, kaka. Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Ukiziba moja, honi utaisikia lakini utageukia upande usio wake. Egesha pembeni, pokea simu, kisha endelea. Nyuma yako kuna abiria.

Naimba alto kwenye kwaya ya usharika wetu, Moshi. Mwalimu anatutumia sauti kwa WhatsApp tujifunzie nyumbani, lakini kwenye spika zangu nasikia besi na soprano tu. Nichukue za waya au za Bluetooth?

Chukua za waya, dada yangu, na swali lako limenifurahisha sana. Watengenezaji wengi wa spika za bei ya chini hupandisha besi na sauti za juu ili ukijaribu dukani ushtuke kwa raha. Zile za kati zinabaki shimoni. Alto yako inatembea takriban kati ya hezi 175 na 700, humo humo shimoni. Ndiyo maana mwenzako wa soprano halalamiki.

Kwa hela ileile, za waya hukupa sauti bora kwa sababu hulipii betri, redio ya Bluetooth wala kikasha cha kuchajia. Tena haziicheleweshi sauti. Za Bluetooth huchelewa kidogo, na ukitaka kuimba huku unajirekodi na kujisikiliza, ucheleweshaji huo unakutoa kwenye mapigo. Muuzaji akikusifia LDAC, njia ya kurusha sauti nzuri kwa Bluetooth, yenye kilobiti 990 kwa sekunde, mshukuru tu. Rekodi ya WhatsApp ilishabanwa kabla haijakufikia, na kilichopotea njiani hakirudishwi na spika. Kama simu yako haina tundu la waya la mviringo, ulizia za kuchomeka kwenye tundu la chaji.

Nenda dukani na rekodi ya mwalimu kwenye simu yako, usikubali kupimiwa kwa wimbo wa dukani. Sikiliza kama unaweza kuifuata alto kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukiipoteza katikati, rudisha. Wakati unajipanga kununua, ingia kwenye ikwalaiza ya simu upunguze besi, usipandishe kitu.

Najiandaa na Kilimanjaro Marathon. Nikianza kupanda barabara ya Mweka zinachomoka.

Jasho linalainisha, taya linasukuma. Tafuta zenye kishikio kinachopita juu ya sikio. Soma pia boksi: IPX4 maana yake zinavumilia maji ya kurukiwa, lakini hiyo X inasema hazikupimwa kwa vumbi. Ukipata IP54, bora zaidi kwa barabara zetu. Na uzifute kabla ya kuzirudisha kwenye kikasha, kwa kuwa mara nyingi kikasha chenyewe hakina kinga hiyo.

Mimi ni mpagazi mlimani. Tukifika kambi ya Barafu chaji inaisha upesi. Nimeuziwa mbovu?

Si lazima. Barafu ni mita 4,673, na baridi huidhoofisha betri ya lithiamu kwa muda. Weka kikasha mfuko wa ndani, karibu na mwili, na usiku lala nacho. Usichaji kikiwa kimeganda kwa baridi, hapo ndipo betri inaharibika kweli.

Upande wa kulia umefifia. Nipeleke kwa fundi?

Kwanza angalia kile kiwavu mdomoni mwa spika. Mara nyingi ni nta ya sikio. Toa kimpira ukioshe kwa maji na sabuni, kikauke kabisa. Spika yenyewe igeuze mdomo uangalie chini, uipige taratibu kwa mswaki laini mkavu ili uchafu udondoke nje. Usitumie sindano.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uone kama mizani ya kushoto na kulia haijasogea. Kama ni za waya, zigeuze: ya kulia ivae kushoto. Ufifi ukihama, spika ni mbovu. Ukibaki sikio lilelile, acha fundi, nenda kamwone daktari wa masikio, na usilichokonoe kwa kijiti cha pamba, maana kinaisukuma nta ndani zaidi.