Muziki Nyumbani: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua za mwezi huu zinalalamikia jambo linalofanana: muziki umejaa kila mahali, dukani, kwenye daladala, kwenye simu, na bado raha yake haipatikani kama zamani. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Redio inaimba kutwa, lakini muziki siusikii

*Nashona nguo nyumbani, Morogoro. Redio naiwasha alfajiri, naizima usiku. Zamani ukipigwa wimbo wa dansi niliacha cherehani nikasikiliza. Siku hizi nyimbo zinapita tu. Nimezeeka au muziki umeharibika? – Fundi wa nguo*

Hujazeeka, mama, wala muziki haujaharibika. Sikio likipewa sauti mfululizo kutwa nzima huacha kuishughulikia, kama linavyoacha kuisikia feni. Kwa hiyo anza na ukimya. Zima redio walau saa moja kabla ya kusikiliza. Halafu chagua wimbo mmoja tu, uupige mara nne mfululizo, mikono ikiwa imeacha kazi. Nyimbo nyingi za dansi zina dakika 5 hadi 8, hivyo nusu saa inatosha.

Mara ya kwanza fuata gitaa la besi peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila akili ikivutwa na mwimbaji, irudishe kwenye besi. Mara ya pili yatafute magitaa mengine. Dansi la Tanzania limejengwa kwa solo, solo la pili na rithim, kila moja likipiga kipande kifupi kinachojirudia, na utamu wote uko pale vipande hivyo vinapofumana. Jaribu kukiimba kwa mdomo kipande cha rithim wakati solo linaendelea. Ukiweza kukishikilia bila kupotezwa, umekisikia kweli. Mara ya tatu sikiliza maneno, na uangalie tarumbeta na saksofoni zinaingia wapi kumjibu mwimbaji. Mara ya nne subiri chemko, pale wimbo unapobadilika mwendo na solo kushika usukani, na ujaribu kubaini ni chombo gani kinachobadilika kwanza. Hapo ndipo wasikilizaji wengi hurudia tena mara ya tano bila kuambiwa.

Zoezi hili halitafaulu kwenye spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ndogo namna ile haiwezi kushuka huko. Unachosikia ni sehemu za juu za sauti ya besi, na akili inajazia iliyobaki. Tumia hedifoni, au spika yenye boksi.

Rekodi zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980 zinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu bendi nzima ilipiga kwa pamoja na kila chombo kina nafasi yake. Anza na NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, au Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Kama moyo wako uko kwenye taarabu, fuata ganuni kwanza (chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kwa vidole), kisha fidla, kisha udi, na usikilize fidla zinavyomjibu mwimbaji anapomaliza mshororo.

Spika inanguruma, maneno hayasikiki

*Nyumba yetu ni ya matofali, sakafu ya saruji. Nimeweka spika kwenye kona ya sebule. Besi inatikisa dirisha, maneno siyapati, na jirani ameshalalamika. – Msomaji, Dodoma*

Kona ndiyo tatizo. Kuta mbili na sakafu hurudisha besi kwa pamoja na kuikuza kupita kiasi. Itoe spika konani, iache sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani, na uiinue hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Chini yake weka kipande cha godoro la sponji ili mtetemo usiingie sakafuni, maana mtetemo huo ndio unaomfikia jirani. Ule mwangwi wa maneno hupunguzwa na vitu laini: zulia au mkeka mzito sakafuni, pazia nene dirishani, kochi la kitambaa mkabala na spika. Kupachika trei za mayai ukutani ni kazi ya bure, kwani haziizuii besi hata kidogo. Ukimaliza, punguza sauti. Utaona maneno yanasikika vizuri hata kwa sauti ya chini.

Kaseti za marehemu baba

*Baba ametuachia sanduku la kaseti, taarabu na dansi, nyingine alizirekodi mwenyewe redioni. Tunataka kuzihamishia kwenye kompyuta ili ndugu wote wazipate. Tuanzie wapi? – Dada na kaka, Mombasa*

Poleni kwa msiba, na hongereni kwa kuzitunza. Tunaomba msizipige kwanza. Uharibifu mwingi hutokea siku hiyo ya kwanza, kaseti iliyolala miaka mingi inapotumbukizwa kwenye mashine chafu.

Zikagueni moja moja mwangani. Mkiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Tengeni kaseti hizo mbali na nyingine, kwa sababu zikipita kwenye mashine zitaambukiza zitakazofuata. Angalieni pia kama kile kipande kidogo cha sponji kinachokaa nyuma ya utepe, katikati ya upande ulio wazi, bado kipo. Kikidondoka, utepe haugusi hedi (kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe) sawasawa na sauti hufifia. Kisha vunjeni vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, sauti ya zamani isifutike.

Mashine nayo isafishwe. Chovyeni pamba ya kijiti kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi (ya asilimia 70 ina maji mengi) na mfute hedi pamoja na kile chuma chembamba kinachozunguka. Gurudumu la mpira lifuteni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa sababu spiriti hulikausha mpira. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, rudieni hadi itoke safi, na msafishe tena baada ya kila kaseti chache. Mashine inayokula utepe mara nyingi ina gurudumu lenye mafuta au mkanda wa mpira wa kuzungushia mashine uliolegea. Sauti inayoyumba kama mwimbaji anasinzia ni dalili ya mkanda huohuo, na fundi redio ataubadilisha.

Kabla ya kupiga, zungusheni kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja ili utepe uliogandamana uachie. Za dakika 60 zinahimili mashine. Za dakika 90 utepe wake ni mwembamba zaidi, na za dakika 120 ni mwembamba mno, hivyo zizungusheni kwa mkono kwa kalamu ya Bic.

Sasa kurekodi. Toeni waya kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti hadi kwenye kompyuta. Laptop nyingi zina tundu la maikrofoni tu, ambalo hupokea upande mmoja wa sauti na kulemewa haraka. Nunueni kiunganishi kidogo cha USB chenye tundu la kupokea sauti kutoka mashine nyingine. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Chagueni 44.1 kHz na biti 16, pigeni sehemu yenye kelele kubwa kuliko zote, na mpunguze hadi kipimo kisivuke desibeli -6. Kipimo kikigonga sifuri sauti inakatwa kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha. Hifadhini kwanza kwa WAV. Dakika moja hula megabaiti 10, hivyo kaseti ya dakika 60 ni karibu megabaiti 600. Nakala ya kuwatumia ndugu iwe MP3 ya kilobiti 192, ambayo kwa kaseti hiyohiyo ni megabaiti 86 hivi.

Kaseti ikisikika kama imefunikwa blanketi, huenda ilirekodiwa kwenye mashine ambayo hedi yake imekaa kwa mshazari tofauti. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Wekeni alama mahali ilipo, izungusheni kidogo sana, isizidi robo mzunguko, huku mkisikiliza sauti za juu kama matoazi au herufi s. Zinapong'aa, acheni hapo.

Programu za kuondoa mkwaruzo zitumieni kwa kiasi. Zikizidishwa hula sauti ya filimbi ya nai na pumzi ya mwimbaji, na kilichobaki husikika kama kinatoka ndani ya maji. Kwetu sisi, mkwaruzo kidogo ni afadhali mara mia. Na tafadhali msikate sauti ya mtangazaji wa redio, kikohozi, wala baba akiongea pembeni. Andikeni kwenye jina la faili kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya kaseti, hata kama kina makosa, na mweke nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kaseti zenyewe msizitupe.

Hedifoni kazini

*Nafanya kazi karakana ya kuchomelea vyuma. Nasikiliza muziki kwa hedifoni saa nane kwa siku. Jioni masikio yanalia. – Kijana, Kampala*

Huo mlio ni onyo, kaka, usiuzoee. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unagawanywa kwa mbili: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 kwa wiki nzima. Karakana yenyewe ina kelele, kwa hiyo wewe unaongeza muziki ili uishinde, na sikio linabeba vyote viwili. Vaa vizibo vya masikio wakati grenda inafanya kazi, na muziki uuweke kwenye mapumziko. Tumia hedifoni zenye mpira unaoziba vizuri (jaribu saizi zote zinazokuja kwenye pakiti), na uweke kikomo cha sauti kwenye mipangilio ya simu. Mwenzako akisimama umbali wa mkono mmoja akasema kwa sauti ya kawaida na usimsikie kabisa, umezidisha. Mlio usipoisha baada ya siku moja au mbili, nenda kwa daktari wa masikio.

Nikifika kwenye kiitikio sauti inakatika

*Wanangu wadogo wanapenda niwaimbie kabla ya kulala, lakini sina sauti. – Baba, Kisumu*

Sauti unayo, baba. Unaanzia juu mno, kosa la karibu kila mtu anayeimba nyimbo alizozisikia redioni, kwa sababu anashika ufunguo uliopangwa kumfaa mwimbaji mwingine. Fanya kinyume: tafuta kwanza neno lililo juu kuliko yote katika wimbo, ambalo kwa kawaida liko kwenye kiitikio. Liimbe pale koo lisipokaza. Kutoka hapo shuka polepole hadi kwenye mwanzo wa wimbo, na hapo ndipo pa kuanzia. Kama umewahi kuimba kwaya kwa do re mi, ishike do yako ukiwa umeketi, kabla hujaingia chumbani kwao.

Kwa watoto chini ya miaka sita chagua nyimbo zenye sauti tano au sita tu, kutoka do hadi la. Wakishindwa kukufuata, panda kidogo, kwa kuwa sauti ya mtu mzima mara nyingi ni ya chini mno kwao. Waachie kiitikio wao, wewe chukua beti. Imba wimbo uleule wiki nzima. Watoto hawachoki kurudia.

Gitaa la mtumba

*Nina miaka 54, nipo Tanga. Nimenunua gitaa la mtumba. Vidole vinauma, na halikai kwenye tyuni. Niache? – Mwalimu mstaafu mtarajiwa*

Usiache, mwalimu. Kwanza tazama daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Kama liliundwa kwa nyuzi za nailoni na mwenye nalo wa kwanza akafunga za chuma, daraja litang'oka, kwani nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu karibu mara mbili. Zitoe leo hii. Pili, pima urefu kutoka freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) hadi uzi mnene. Milimita 3 hivi ni sawa. Zikizidi 4, maumivu ni ya gitaa, si ya vidole, na fundi atalipunguza daraja. Bonyeza uzi nyuma tu ya freti, si katikati ya nafasi. Sugu itaota ndani ya wiki tatu au nne ukifanya dakika 15 kila siku. Saa mbili za Jumamosi peke yake zitakuumiza tu.

Kuhusu tyuni, nyuzi zenye kutu hazitulii, na hewa ya bahari huleta kutu upesi. Badilisha seti nzima, kisha zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Nyuzi mpya hutanuka, hivyo zivute taratibu kwa kidole na utyuni tena mara kadhaa siku za mwanzo. Daima panda kutokea chini: ukipitiliza, legeza uzi hadi chini ya sauti unayotaka ndipo uukaze. Anza na kodi tatu (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), D, G na A, na uhesabu unabadilisha mara ngapi kwa dakika. Ukifika mara 30 bila kutazama vidole, utaweza kusindikiza nyimbo nyingi unazozijua.