Wiki za mwisho kabla ya kujifungua

SWALI: Mke wangu ana ujauzito wa wiki 31, nao ni wa kwanza kwetu. Nguo za mtoto tumekwisha kununua na begi limefungwa, lakini masimulizi anayosikia kila siku kuhusu uzazi yamemjaza hofu, nami sijui kazi yangu ni ipi zaidi ya kumfikisha hospitali. Tujiandae vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba swali hili limetoka kwa baba. Begi ni jambo jema, ila wiki zilizobaki zitumieni zaidi kukubaliana juu ya mambo ambayo mama aliyekwisha kushikwa na uchungu hapaswi kuulizwa: mtakwenda kujifungulia wapi, usafiri utapatikana vipi usiku wa manane, fedha ya dharura imewekwa wapi na nani atatoa damu ikihitajika. Hili la damu wengi hulisahau. Kundi la damu la mama huandikwa kwenye kadi ya kliniki. Lisomeni leo, na likiwa hasi (yaani lina alama ya kutoa, kama O-), muulizeni mkunga bila kukawia kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kutengeneza kinga dhidi ya damu chanya ya mtoto, ambayo hutolewa wakati wa ujauzito na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua endapo mtoto ana damu chanya.

Kuhusu hofu, usimwambie mkeo asiogope, kwani maneno hayo humfanya anyamaze tu. Nendeni pamoja kliniki, amweleze mkunga kile hasa anachokiogopa. Masimulizi mengi hutisha kwa sababu ya urefu wa uchungu, na mimba ya kwanza kweli huchukua muda: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, uchungu kamili huhesabiwa tangu mlango wa kizazi ufunguke sentimita 5, na kutoka hapo kwa mzazi wa kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12, ilhali maumivu ya mwanzo, yanayokuja na kupoa, yanaweza kutangulia kwa saa nyingi.

Kazi yako wewe ni kuwa karibu naye. Mama anayekaa na mtu anayemwamini tangu mwanzo wa uchungu hadi mwisho ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huelekea kuwa mfupi. Msugue mgongo, mpe maji, tembea naye, na yanapomzidi umsemee kwa wauguzi. Ulizeni mapema kama hospitali yenu inamruhusu mwenzi kuingia. Na ikiwa mkeo angependa zaidi awe mama yake au dada yake, mkubalie kwa moyo mweupe.

Dalili nyingine hazingoji uchungu wala siku ya kliniki. Akitokwa na damu, akiumwa sana kichwa na kuona ukungu, akivimba uso na mikono ghafla, akipata homa kali, maji ya uzazi yakitoka au mtoto akipunguza kucheza tumboni, mpeleke saa hiyo hiyo. Maumivu hayo ya kichwa na ukungu wa macho huweza kutangulia kifafa cha mimba, ambacho humpata mama hata akiwa amekwisha kujifungua na kurudi nyumbani. Kwa hiyo endelea kumwangalia kwa makini katika wiki sita za kwanza, wakati ambapo macho ya kila mgeni yatakuwa kwa mtoto.