Mashine mpya ya kukatia stika: anza na kisu

Hongera kwa mashine, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini inakata stika pamoja na karatasi ya chini, na uanze na kazi gani.

Kisu kimetoka nje mno. Kirudishe ndani ya kishikio mpaka ncha ionekane kwa shida, maana stika yenyewe ni nyembamba sana. Punguza pia nguvu ya mgandamizo, kisha kata kimraba kidogo pembeni na ukibandue. Kikitoka kizima, na karatasi ya chini ikabaki na mkwaruzo hafifu unaousikia kwa ukucha bila kutoboka, hapo umepatia. Rudia jaribio hilo kila unapobadilisha aina ya stika, hata rangi tu. Usione uvivu, stika ni ghali.

Kwa kuanzia, kata maandishi manene: jina la duka, au la bodaboda. Herufi nyembamba zitakutesa wakati wa kung'oa mabaki. Chora kwa Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ni ya bure. Picha ya simu haikatiki mpaka igeuzwe kuwa mistari.

Kwa vitu vya nje vinavyopigwa jua na mvua, stika aina ya Oracal 651 inafaa. Safisha mahali kwa spiriti, paache pakauke, ndipo ubandike.

Fulana zina stika yake ya kupasi. Hiyo unaiweka plastiki yake inayong'aa ikitazama chini, na maandishi unayageuza kama yanavyoonekana kwenye kioo kabla ya kukata.