Wanakumbuka nini wajukuu wa Dalmatia?

SWALI: Shikamoo mzee. Gabriel Boric, aliyeapishwa urais wa Chile 2022, husemwa ana asili ya Kroatia, ingawa aliyehama ni babu wa baba yake. Watu kama hao, wengine hata lugha hawaijui, wanakumbuka nini hasa?
Mwanafunzi wa historia

JIBU: Marahaba. Wengi wanakumbuka kisiwa kwanza, nchi baadaye. Ukoo wa Boric ulitoka kisiwa cha Ugljan, huko Dalmatia, pwani ya Kroatia. Majirani zao wengi huko Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, wana asili ya Brač, kisiwa kingine cha pwani hiyo. Filoksera, mdudu wa mizizi, alipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, divai ya Dalmatia ilipata soko zuri. Kisha Austria-Hungaria, iliyotawala pwani ile, ikapunguza ushuru wa divai ya Italia, bei ikaanguka, na mdudu mwenyewe akaingia Dalmatia. Kijana wa Brač abaki kulima nini? Tierra del Fuego, visiwa vya ncha ya kusini ya Amerika, ilivuma kwa dhahabu. Aliyetangulia akamwita nduguye.

Waliondoka na pasipoti za Austria. Dola huru ya Kroatia haikuwapo, basi wangewarithishaje watoto bendera yake? Waliwarithisha jina la ukoo na la kijiji.

Ila usiwatie wote kapu moja. Waliokimbia 1945, wakomunisti waliposhika Yugoslavia, ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, walibeba siasa na machungu, na baadhi yao walikuwa wameutumikia utawala wa Ustaša, mafashisti wa Kroatia walioshirikiana na Wanazi. Hayo, nionavyo, husimuliwa nusunusu mezani. Waliokwenda kufanya kazi Ujerumani miaka ya 1960 walidhani watarudi. Wengi walijenga nyumba kijijini, na leo wajukuu hulala humo likizo ya kiangazi tu.

Kuhusu uraia, tangu Januari 2020 sheria ya Kroatia haina kikomo cha vizazi kwa uzao wa wahamiaji, wala haiwatahini lugha. Inataka vyeti. Hapo "bibi alisema tulitoka Brač" haitoshi: parokia ipi, mwaka gani? Wapo wanaoanza kwa kuitamani pasipoti ya Umoja wa Ulaya tu, nami siwalaumu. Wakifungua vitabu vya ubatizo wanaweza kukuta pia ndugu za babu waliobaki, ambao nyumbani Chile hakuna aliyewahi kuwataja.