Shale ya Green River: mbona mafuta ni kidogo?

SWALI: Nimeweka gramu 50 za shale ya mafuta (mwamba wenye mata ogani) ya Green River, kutoka Colorado, kwenye chombo cha Soxhlet, kinachoosha mwamba kwa kiyeyushi tena na tena, pamoja na kiyeyushi cha diklorometheni kwa saa 48. Nimepata bitumeni (mata ogani inayoyeyuka) kidogo mno, ilhali kipimo cha Fischer, cha kupasha mwamba joto, kwa mwamba huohuo kilitoa mafuta mengi. Tena kwenye kromatogramu, yaani mchoro wa mashine inayotenganisha kemikali na kupima masi za ioni zake, kuna vilele viwili vikubwa, kimoja cha ioni ya masi 149, kingine cha 64 na 256. Nimekosea wapi?

JIBU: Mafuta hayo hayakuwemo ndani ya mwamba. Sehemu kubwa ya mata ogani yake ni kerojeni, isiyoyeyuka kwenye kiyeyushi chochote cha kawaida. Fischer hupasha gramu 100 hadi 500 °C, kerojeni ikavunjika, na mafuta yakatengenezwa papo hapo. Soxhlet hutoa bitumeni iliyo huru tu, kwa hiyo usiongeze saa ukitumaini kufikia namba ya Fischer. Hakikisha tu unga wa mwamba wako unapita kwenye ungo wa mm 0.15, maana chembe kubwa huibana bitumeni.

Kilele cha 149 ni fthaleti, kemikali ya kulainisha plastiki, kutoka kwenye plastiki: mifuko, vizibo, glavu. Hifadhi sampuli kwenye foili au chupa ya kioo, osha kopo la karatasi ya chujio linaloshika mwamba kwa kiyeyushi hichohicho kabla ya kulitumia, kisha endesha jaribio tupu, bila mwamba. Usiliruke hili hata kidogo.

Cha 64 na 256 ni salfa huru, na shaba huinasa. Chovya vipande vya shaba kwenye asidi ya haidrokloriki hadi ving'ae, visuuze kwa maji, methanoli, halafu diklorometheni, uviweke kwenye chupa ya kuchemshia ya Soxhlet. Vikigeuka vyeusi, badilisha, hadi vipya vibaki vinang'aa.

Unapopunguza kiyeyushi usikaushe kabisa. Alkani (hidrokaboni zilizoshiba) fupi, chini ya kaboni 15, hupeperuka nacho.

Ukipitisha bitumeni kwenye safu ya silika ili kuitenganisha, kiyeyushi cha heksani hutoa hidrokaboni zilizoshiba. Humo tafuta molekuli mbili za masalia ya viumbe: gamaserani kwenye ioni 191 na beta-karotani kwenye 125, yenye masi 558. Green River inasifika kwa zote mbili, kwani mwamba huo ni masalia ya maziwa ya maji ya chumvi ya enzi ya kale ya Eosini. Beta-karotani ina kaboni 40 na hutoka mwisho kabisa kwenye mashine ya kromatogramu: shikilia tanuri lake kwenye 310 °C kwa dakika 20 au zaidi, kama safu ya mashine inahimili, la sivyo utazima mashine kabla haijatoka.