Kwa nini dishi linakata kabla mvua haijafika kwako

Mkuu, umeuliza kwa nini dishi lako la sentimita 60 hapo Sinza linapoteza picha kabla tone halijadondoka uani, wakati jirani mwenye dishi la zamani la futi nane anaendelea kutazama mpira. Nimefunga madishi miaka 14, na kila masika nakuta watu wamenunua LNB mpya (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) bure kwa tatizo hilihili.

Vifaa vyako ni vizima. Dishi lako linapokea mawimbi ya gigahezi 11 hadi 12, yenye urefu wa kama sentimita 2.5. La jirani ni gigahezi 4, sentimita 7.5. Tone kubwa la mvua lina milimita 5 hivi. Wimbi la jirani halilijali tone hilo, lako linaumia. Sehemu ya nguvu inamezwa na maji ikawa joto, nyingine inatawanyika pembeni. Tena matone yenyewe hutoa mawimbi yao, na dishi linayapokea kama kelele, kwa hiyo unaumia mara mbili.

Sasa hilo la kukata mapema. Setelaiti unayotumia iko nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta, hivyo kutoka Dar dishi linatazama magharibi, limeinuka kama nyuzi 52. Mvua ya kwetu huanzia karibu kilomita 5 angani. Piga hesabu: mawimbi yako yanaingia kwenye mvua kama kilomita 4 magharibi mwa nyumba yako. Wingu likiwa Mlimani, kwenye chuo kikuu upande wa magharibi, limeshakaa njiani, na wewe nguo bado ziko kambani.

Nimeliona hili nikiwa juu ya bati la mteja hukohuko Sinza, jua linanichoma mgongo, kipima mawimbi mkononi: ubora 78, 60, 41, sifuri. Mama mwenye nyumba akapaza sauti, "Fundi, umegusa nini?" Sikuwa nimegusa kitu, upande wa chuo anga ilikuwa nyeusi tii. Mvua ilitufikia baadaye, na picha ikarudi tukiwa bado tunanyeshewa. Ikitoka baharini ni kinyume: inakulowesha kwanza, na picha inachelewa kurudi hata kukiwa kumekauka.

Ukipanda masafa zaidi, yaani gigahezi nyingi kuliko za dishi lako, hata anga kavu inadai chake. Mvuke wa maji unameza karibu na gigahezi 22. Kwenye gigahezi 60 oksijeni peke yake inakula desibeli 15 hivi kila kilomita, yaani inabaki kama asilimia 3 tu ya nguvu.

Kwako, weka dishi la sentimita 90, eneo lake ni mara 2.25 ya hilo ulilonalo. Kabla ya kununua, lilenge upya la sasa siku ya anga safi, na usiishie pale picha inapotokea, tafuta kilele. Andika hapa ubora unaosoma sasa hivi, nikuambie kama unatosha.